Springi za Mtu Mmoja

Nati ilizunguka kwa vidole viwili.

Inspekta Viviane Kavira aliirudisha mahali pake, akafuta matope kwa kitambaa, akaijaribu tena kwa kidole gumba na cha shahada tu, kama mtu anayefungua kichupa cha dawa ya macho. Ikazunguka tena. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki ya marehemu, chini ya mabati ya ua wa polisi, na saa mbili za asubuhi zilikuwa hazijagonga. Hakuna aliyemlazimisha kuja Jumamosi. Familia yake ilikuwa Butembo, na chumba alichopanga Bunia hakikuwa na mtu wa kumuuliza anaenda wapi.

"Unatafuta nini pale chini, Viviane?"

Commandant Gérard alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Nafungua nati ya amortisseur ya kuume, commandant. Bila clé, na vidole tu."

"Ya kushoto ilishatoka yenyewe, njo maana mutu alikufa. Ya kuume nayo ilikuwa njiani. Ile inazidi kumufunga fundi wako."

"Ao inamufungua," alisema Kavira.

Gérard alikunywa chai yake.

Jumatano, Élisée Vahwere, fundi wa mashine za kushona, mtu wa miaka arobaini na tisa, alikutwa amekufa chini ya mteremko kwenye njia ya Mongbwalu. Alikuwa peke yake. Hapakuwa na alama ya gari lingine. Simu yake na mfuko wake wa vyombo vilikuwa palepale. Pikipiki yake ilikuwa na amortisseur mbili nyuma, zile springi zinazobeba uzito na kumeza mashimo ya njia. Ya kushoto ilikuwa imechomoka upande wa chini, kwa sababu bolti yake haikuwepo tena, na gurudumu lilipolala pembeni pikipiki ikaacha njia. Rachidi, fundi wa pikipiki wa karibu na soko, ndiye aliyefunga amortisseur na tairi mpya wiki moja kabla. Binamu wa marehemu alipiga simu kutoka Butembo kulalamika, na Ijumaa saa sita Rachidi akatiwa kasho, mahabusu ya polisi. Kesho saa sita siku mbili za sheria zingekwisha, faili ingepanda kwa parquet, ofisi ya procureur mwendesha mashtaka, na Rachidi angepanda pamoja nayo.

Kavira aliizunguka pikipiki. Haikuwa ya zamani, ila ilitengenezwa kwa sura ya zamani: taa ya duara, tangi jeusi lenye umbo la yai, kiti kirefu kilicholala sawa, magurudumu ya spoki. Mtu alikuwa ameipenda. Hata chini ya matope ya Mongbwalu, spoki zilikuwa zimepakwa mafuta moja moja.

Kwenye nati ya kuume palikuwa na alama ndogo ya rangi ya njano. Kwenye kichwa cha bolti palikuwa na nyingine. Zilifanana kama nusu mbili za mstari mmoja, lakini hazikutazamana.

Akaenda kumtoa Rachidi.

*

Rachidi alikuwa mtu mnene mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, na alikaa kwenye benchi la ofisi mikono ikiwa katikati ya magoti, kama mtu aliyekaa kanisani mwa watu wengine.

"Umekula, papa Rachidi?"

"Bibi yangu alileta sombe. Asante, mama inspecteur."

"Nielezee ile pikipiki. Anzia siku ya kwanza, usiruke kitu."

"Muzee Élisée alikuja mara tatu mbele ya kununua hata pneu, hata tairi moja. Mara tatu! Batu bengine banasema tu: funga yenye iko. Yeye hapana. Mara ya kwanza alitaka pneu za mistari mirefu, zile za zamani, juu zinaendana na sura ya pikipiki. Nikamuambia: muzee, zile ziko nzuri ku foto. Mvua ikinyesha ku njia ya Mongbwalu, matope inajaa mu ile mistari, pneu inageuka sabuni."

"Mara ya pili?"

"Crampon, zile za meno marefu. Nikamuambia: ku matope utapita, lakini hapa mujini zitakutetemesha mpaka ushindwe kusema jina lako. Tena pikipiki ya vile, ukiiwekea crampon, inafanana na muchungaji mwenye kuvaa bottes za matope."

Kavira hakucheka, lakini kalamu yake ilisimama kidogo.

"Akachukua nini?"

"Ya katikati. Meno mafupi, mapana, yenye kukaribiana. Inaenda ku goudron, ku lami, inaenda ku udongo. Kipimo cha mbele dix-neuf, cha nyuma dix-huit, na chambre à air, mupira wa ndani, juu jante, ile rimu, ni ya spoki. Halafu mbele ya kukubali, aliinama akasoma namba ku ubavu wa pneu ya nyuma. Akaniuliza: hii inabeba kilo ngapi? Njo nikajua."

"Ukajua nini?"

"Kama atabeba mutu. Miaka yote ile nilimuona ku ile pikipiki, sikuona mutu nyuma. Hata mama wa soko, hata mufuko ya muhogo."

"Na amortisseur?"

"Ni mulemule. Zenye zilikuja na pikipiki ziko laini, chrome, za mutu moja. Ukiweka wa pili, ku kila shimo zinagonga mpaka chini. Akanunua zingine, nyeusi, springi nene. Ziko na vyeo tano vya kukaza. Tukapima. Yeye alikaa mbele, nyuma tukafunga mufuko ya unga tukaongeza mawe, kilo soixante-trois. Nikashika mètre, nikaangalia kiti inashuka namna gani, nikaenda ku cheo cha ine. Akasema hapana, tupime tena."

"Juu ya nini soixante-trois?" Kavira aliandika 63.

"Njo namba alileta. Hakusema soixante, hakusema soixante-cinq."

"Ni uzito wa nani?"

"Sikuuliza, mama. Alikuwa anacheka peke yake wakati anafunga ile mufuko. Mutu akicheka vile, hauulizi."

"Upepo mu pneu?"

"Mbele kilo mbili. Nyuma kilo mbili na nusu. Ya batu babili."

Kavira aliandika namba hizo peke yake, kwenye mstari wake, kisha akamsimamisha na kumpeleka uani.

Rachidi hakufika hata karibu. Hatua tano kutoka kwenye pikipiki alisimama.

"Zile si zenye nilifunga."

"Tazama vizuri."

"Mama, mutu anajua watoto wake. Hizi ni chrome, ni zile laini. Nilimurudishia mu carton, akaenda nazo." Alisogea, akainama, akaiona nati. "Lakini huu ni mustari wangu. Nikimaliza kukaza, napakaka rangi juu ya nati na buloni pamoja. Mustari ukikatika, ujue mutu amefungua."

"Ao umejifungua, juu haukukaza." Gérard alikuwa amewafuata. "Ao weye mwenyewe ulimufungia za zamani, ukauzisha mupya. Muzee hakuangalia nyuma, akaenda kufa. Nikikuta zile nyeusi mu mujini, nitakuwa najua zilitokea wapi."

Kavira aliona jambo moja: Rachidi hakumtazama Gérard. Aliendelea kuitazama ile nati.

"Ilikazwa na mutu mwenye mukono mwepesi," alisema polepole. "Mwepesi sana."

*

Zile nyeusi zilikuwa mjini. Kavira alizikuta kwenye duka la tatu, zimetundikwa kwa waya juu ya minyororo na vioo vya pembeni. Mwenye duka aliitwa Roger, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye shati lililopigwa pasi na macho yaliyokuwa yanaenda mlangoni kila mara.

"Hizi ziko mupya, mama. Zimetoka Kampala."

"Nishushie."

Kavira aliingiza kidole katika tundu la chini la amortisseur na kukitoa chekundu.

"Kampala banawekaka udongo wa Bunia ndani?"

Kavira aliweka kitambulisho chake juu ya meza, kisha karatasi, kisha kalamu.

"Nani alikuletea?"

"Mutu tu. Mupita njia."

"Ni Rachidi?"

Aliliona jibu likipita usoni mwa Roger, jinsi lilivyokuwa rahisi.

"Ndiyo," alisema Roger. "Ni Rachidi."

"Sawa." Kavira aliandika mistari minne na kuigeuza karatasi. "Saini hapa. Rachidi iko kwa kasho, kesho anaenda parquet juu mutu alikufa. Siku ya kuhukumu watakuita, utasimama mbele yake, utasema tena chenye umesema hapa."

Roger alishika kalamu. Akaigeuza. Akaiweka chini.

"Basi hapana. Ni muzee mwenyewe."

"Muzee gani?"

"Élisée, wa mashini ya kushona. Jumanne asubuhi, nilikuwa nafungua duka. Alikuja nazo mu carton. Nikafikiri anataka kuuzisha, nikamuuliza bei. Akasema haina bei. Akasema: patia mutu mwenye iko na mutu wa kubeba. Akaweka carton hapo, akaenda."

"Hakusema kingine?"

"Nilimuuliza kama anakunywa chai. Akasema siku ingine."

"Na juu ya nini ulinidanganya?"

"Mama, mutu anakufa Jumatano, na miye niko nauzisha amortisseur yake. Nani ataniamini kama alinipatia bure?"

Kavira alimwandikia hati ya kukamata mali, akafunga amortisseur zote mbili kwa waya uleule, akazibeba begani hadi ofisini. Zilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

*

"Roger amesema uongo mara mbili, ya tatu unaiita kweli," alisema Gérard. "Maiti haiwezi kumukatalia. Labda wanagawana na Rachidi."

Kavira aliona kwamba commandant alisema kweli. Akaketi uani, akatoa mkate wake kwenye gazeti, akala akiitazama pikipiki. Alipomaliza alikung'uta makombo, akavuka barabara kwa quado aliyekuwa akiziba tairi chini ya mwavuli, akaazima kipimo cha upepo.

Tairi la mbele: moja nukta saba. La nyuma: moja nukta tisa.

Alipima mara ya pili, akapata namba zilezile. Akaleta ndoo ya maji na sabuni, akapaka mdomo wa kila tairi, akazungusha magurudumu polepole, akisubiri povu litoe puto. Halikutoa. Tairi zilikuwa nzima. Hazikuwa zimevuja kitu tangu siku ya ajali.

"Commandant, njoo uone."

Gérard alikuja bila kikombe mara hii.

"Rachidi aliweka mbili mbele, mbili na nusu nyuma, za watu wawili. Leo kuna moja nukta saba na moja nukta tisa. Ni za mtu mmoja, na bila mzigo. Hakuna tundu. Mtu alikaa chini akapunguza upepo, mbele na nyuma, kwa kipimo."

"Rachidi mwenyewe."

"Ukimuibia mtu amortisseur, unataka asijue. Utampunguzia upepo wa nini? Kipimo hiki ni cha mtu atakayekaa juu ya kiti na kuhesabu kila jiwe la njia." Aliinua kipimo. "Aliyefanya hivi alikuwa anajiandalia safari yake."

Gérard alisugua kidevu. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kufumba macho.

"Procureur hatasoma upepo. Niletee karatasi."

*

Élisée alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili mtaani Shari, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyeitwa Fanny. Mama Fanny alifungua kufuli akabaki nje, khanga kichwani, bila kuvuka kizingiti.

"Alikuwa mupangaji muzuri?" Kavira aliuliza.

"Miaka tisa. Asubuhi alikuwa anasalimia, magharibi alikuwa anasalimia. Zaidi ya pale, sijue." Alifikiri. "Wiki iliyopita aliniomba pasi. Alitaka kunyoosha rideau."

Pazia jipya lilikuwa limetundikwa kwenye dirisha la chumba cha kulala, lenye mikunjo iliyonyooka kama vitabu. Katika chumba cha mbele, vichwa vya mashine za kushona vilipangwa ukutani, kila kimoja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Juu ya meza palikuwa na kofia mbili za pikipiki: ya kwanza ya zamani, iliyokwaruzika, ambayo siku ile hakuivaa, ya pili bado katika nailoni ya dukani, rangi ya buluu, ndogo.

Kavira alianza na vyombo. Bisibisi kumi na mbili, kutoka nyembamba kama sindano hadi nene kama penseli. Koleo. Spana ndogo ndogo za mashine, kubwa kuliko zote namba kumi. Alikuwa amepima nati ya amortisseur asubuhi: kumi na saba. Alitazama chini ya meza, nyuma ya mlango, katika debe la mafuta. Spana ya kumi na saba haikuwepo mle ndani, na kwenye mfuko uliookotwa chini ya mteremko haikuwepo vilevile.

Alichukua koleo, akalisogeza dirishani. Katikati ya meno yake palikuwa na chembe za rangi ya njano.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Alifungua nati za Rachidi kwa koleo, akaweka springi za zamani, akakaza kwa koleo hilohilo. Na alikaza kwa mkono wa miaka thelathini ya mashine za kushona, ambapo skrubu ukiikaza sana unaipasua. Unaigusa tu, unasikia imekaa, unaacha. Mkono mwepesi, Rachidi alisema. Kwenye njia ya Mongbwalu, mkono huo haukutosha hata kilomita hamsini.

Daftari lilikuwa chini ya kofia ya buluu. Lilikuwa la kazi: majina, mashine, kilichoharibika. Lakini kurasa za mwisho zilikuwa za pikipiki. Kulikuwa na michoro ya meno ya tairi, aina tatu, na maelezo pembeni kwa herufi ndogo zilizonyooka. Kulikuwa na jedwali:

*Mimi 61. Honorine 63. Mfuko wake 10 (labda 12).*

Mistari miwili ya mwisho ilikuwa imekatwa kwa rula, mara moja tu, kwa unadhifu.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mwisho kuandikwa.

*Jumanne. Nimerudisha springi za mtu mmoja. Mbele 1,7. Nyuma 1,9. Kesho Mongbwalu, mashini ya Honorine imekwama.*

Kavira aliusoma akiwa amesimama. Kisha akatafuta jina Honorine kati ya wateja, akakuta namba ya simu, akapiga palepale.

Sauti ya mwanamke iliitika haraka, kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi.

"Mama Honorine? Ni inspecteur Kavira, wa polisi ya Bunia. Uko Mongbwalu?"

"Hapana, mama. Niko hapa Bunia. Nilifika jana. Niko ku mulango wa morgue, penye banawekaka maiti."

*

Gérard aliweka daftari kando ya karatasi ya kipimo. Alisoma namba za daftari kwa kidole, kisha za kipimo, kisha za daftari tena.

"Moja nukta saba. Moja nukta tisa."

"Mwandiko ni wake. Niliulinganisha na karatasi za wateja wake. Koleo liko ndani ya bahasha."

Commandant alitoa funguo mfukoni, akazisukuma juu ya meza.

"Mufungulie baba wa watu. Na umuambie..." Alisita. "Umuambie asitoke mujini mpaka procureur asaini. Basi."

Rachidi alipotoka hakupiga kelele ya furaha. Alifunga kamba za viatu vyake, akauliza ni nani aliyefungua nati. Kavira alimwambia. Fundi alibaki ameinama juu ya kiatu.

"Angeniita," alisema. "Kukaza ni dakika mbili. Njo ninakaa pale barabarani kwa nini? Angeniita tu."

"Angekuambia nini?"

Rachidi aliinuka. Akaenda kwake kwa miguu.

*

Honorine alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa mjane, mshonaji wa nguo, na alikaa mbele ya meza ya Kavira na mfuko mmoja miguuni, umefungwa kwa kamba. Kavira alimwandika jina, umri, kazi. Mahali pa uhusiano na marehemu aliandika: mteja.

"Ulizungumza naye mara ya mwisho siku gani?"

"Jumanne, saa kumi za muchana. Ku simu."

"Juu ya nini?"

"Nilimuambia mashini yangu imekwama."

"Ilikuwa na nini?"

Honorine alitazama mikono yake. Kwenye kidole cha kati palikuwa na alama ngumu ya sindano.

"Haikuwa na kitu."

Kavira aliacha kalamu.

"Muaka muzima alikuwa ananiomba anioe," alisema Honorine. "Anakuja kutengeneza mashini za ba mama, anamalizia kwangu, anakunywa maji, anaomba, anaenda. Mwezi uliopita nilimuambia labda. Akanipeleka ku balance ya centre de santé, wakanipima kilo, nikafikiri ni muchezo. Halafu Jumatatu nikaogopa. Watoto wa bwana yangu ni wakubwa, watasema nini? Nikamuita ku simu, nikasema hapana, Élisée, tuache. Alisema sawa. Hakuuliza. Alisema tu sawa, akanitakia kazi muzuri."

"Na Jumanne?"

"Jumanne nilikaa ku mashini kutoka asubuhi. Nilishona mukono wa kuume ku bega la kushoto. Miye! Nikasema: nikimuambia ku simu kama nimebadilika, atafikiri ninamuonea huruma. Akuje. Akifika, ataona mufuko ku mulango, ataelewa." Aligusa mfuko kwa mguu. "Njo huu."

Nje, quado alikuwa anapiga nyundo kwenye jante. Walimsikiliza hadi akamaliza.

"Banasema ni amortisseur," alisema Honorine. "Nani alizifunga mubaya?"

Sheria haikumtaka Kavira ajibu. Alikuwa na kila alichohitaji kwa faili, na Rachidi alikuwa ameshafika nyumbani.

"Yeye mwenyewe," alisema. "Jumanne asubuhi."

"Asubuhi. Mbele ya simu yangu."

"Mbele ya simu yako."

"Juu ya nini aliziondoa zile zingine?"

Kavira alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa amesafiri siku nzima kwenye njia ileile, amepita mteremko uleule, amekesha kwenye mlango wa morgue. Hakuja kuomba kudanganywa.

"Zile zingine zilikuwa za batu babili."

Honorine hakulia. Alikaa wima, akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho na kukuta hakitoshi. Ilichukua muda mrefu. Kavira hakuvuka upande wa pili wa meza, na hakutazama saa.

"Ku morgue banakatala kunipatia mwili wake," alisema Honorine mwishowe. "Banasema waone karatasi ya polisi. Cousin wake wa Butembo anasema njia imefungwa, hawezi kufika. Wakikosa mutu, commune, manispaa, itamuzika Jumatatu, pamoja na wale hawana majina."

"Iko na jina."

"Njo nimewaambia."

Kavira alivuta droo, akatoa fomu ya kuchukua mwili, akaisogeza mbele yake pamoja na kalamu. Honorine aliandika jina la Élisée kwa herufi kubwa, akaandika lake, akaandika tarehe. Alipofika mstari wa mwisho alisimama. *Uhusiano na marehemu.*

"Hapa niandike nini?"

"Andika chenye ni kweli."

Honorine aliinama. Aliandika polepole, neno moja, akarudisha karatasi.

*Bibi yake.*

Kavira alilisoma. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado juu ya ukurasa alioandika mwenyewe nusu saa iliyopita, wenye neno *mteja*. Karatasi mbili za faili moja, na hazikupatana. Procureur yeyote angeliona hilo kabla ya kuketi. Alichukua kalamu, akakata neno lake, akaandika la Honorine juu yake, akatia saini ndogo pembeni kama taratibu zinavyotaka mtu anaposahihisha kosa. Kisha akatafuta muhuri. Wino ulikuwa umekauka, ikabidi aupumulie pumzi mara mbili kabla ya kuugonga.

"Morgue inafunga saa kumi," alisema, akisimama kuchukua koti lake. "Lete mufuko. Tutaenda siye wawili."